Mvua Ilipoanza, Ndege Walikwenda Wapi?

Asubuhi baada ya mvua ya kwanza ya vuli, meza ya ndege hapa nyumbani kwetu Arusha ilikaa na ulezi wake mpaka adhuhuri bila kuguswa. Siku iliyotangulia, ulezi kama huo ulikwisha kabla chai yangu haijapoa. Jirani yangu, mzee mstaafu ambaye naye huwamwagia ndege chenga za mchele kwenye ungo uliochakaa, aliniita kutoka upande wa pili wa ua. "Mwanangu, wa kwako wapo? Wangu wamehama wote. Mvua imewafukuza."

Nilimwamkia, kisha nikamwomba atazame juu ya paa lake. Shorewanda walikuwa wakichomoka kutoka kwenye mparachichi, wanadaka kitu hewani, wanarudi tawini. Shomoro walikuwa chini barazani wakikimbizana na vitu vyenye mbawa. Kwera, ambao siku zote ndio wenye fujo mezani, walikuwa wamezama kwenye nyasi. Juu kabisa mwewe wawili walizunguka polepole, wakikamata kwa kucha na kula hukohuko angani. Kumbikumbi walikuwa wametoka. Ardhi ilikuwa imefungua ghala lake, na ghala hilo lilikuwa na mafuta na protini ambazo ulezi wangu hauwezi kushindana nazo. Hata ndege wala nafaka, ambao mwaka mzima tunawaona wakipasua punje, siku hiyo hula nyama.

Kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa. Lakini swali la mzee lilinikaa, kwa sababu wengi tunaowawekea ndege chakula tunaamini jambo moja rahisi: mvua huwakimbiza, jua huwaleta. Nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila asubuhi nani amekuja na mbingu ilikuwaje, na kadiri daftari linavyojaa ndivyo imani hiyo inavyonipungukia. Hali ya hewa humfikia ndege kwa njia mbili zisizolingana kwa mwendo. Ipo hali ya hewa ya leo, inayogusa mwili wake: baridi, joto, umande, upepo. Na ipo ile ya wiki sita au nane zilizopita, iliyokwisha kuamua kama huko porini kuna chakula au hakuna. Tunapotazama meza tunaona matokeo ya zote mbili kwa pamoja, tena mara nyingi moja inavuta huku na nyingine kule.

Tuanze na mwili. Joto la mwili wa ndege wadogo ni kama nyuzi 40 hadi 42 za Selsiasi, juu ya letu. Ukimwaga chai kwenye kikombe kidogo itapoa kabla ya ile iliyobaki kwenye birika, na ndege wa gramu kumi ni kikombe kidogo sana. Usiku kucha anapoteza joto, na usiku kucha analirudisha kwa kuchoma mafuta aliyoyaweka mchana. Manyoya humsaidia: anayatutumua, hewa inanaswa katikati yake, naye anakuwa kama amejifunika blanketi. Hata hivyo kukicha akiba imepungua na lazima ale.

Dada yangu anaishi Minnesota, Marekani, na kila Januari hunitumia picha za kibanda chake cha mbegu za alizeti kikiwa kimezungukwa na theluji. Huko hesabu ni kali kweli. Kuna ndege wao mdogo aitwaye chickadee, mwenye kofia nyeusi, ana gramu kama 11 tu. Usiku wa baridi kali huliacha joto la mwili wake lishuke kwa nyuzi kumi hivi ili asimalize mafuta kabla ya alfajiri. Mchana huficha mbegu mojamoja kwenye magome ya miti na baadaye hukumbuka alikoziweka. Ongeza na urefu wa usiku. Katikati ya Desemba mchana wa London haufiki saa nane, yaani ndege ana saa nane za kula na kumi na sita za kufunga. Ndiyo maana kule uhusiano wa baridi na kibanda cha chakula unaonekana wazi: theluji ikifunika ardhi, kibanda kinajaa. Mradi wa Marekani na Kanada wa kuhesabu ndege kwenye vibanda, ulioanzia Ontario mwaka 1976 na kuenea bara zima majira ya baridi ya 1987, hufanya kazi yake kuanzia Novemba hadi Aprili kwa sababu hiyohiyo. Sehemu kubwa ya maarifa tunayoyasoma kuhusu ndege wa bustanini yametoka katika miezi hiyo, katika nchi hizo.

Sisi tuko karibu na ikweta. Usiku wetu ni wa saa kumi na mbili, Juni na Desemba tofauti yake haifiki nusu saa. Ndege wa Arusha hawezi kukutwa na usiku wa saa kumi na sita. Baridi yetu pia si ya theluji, ingawa ipo, na aliyewahi kuamka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba chini ya Mlima Meru hatabishana nami. Kipupwe hapa usiku hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na mawingu mazito hukaa mpaka saa nne asubuhi.

Mwenye kukuonyesha vizuri maana ya baridi hiyo ni kuzumburu, yule wa kijivu na kahawia mwenye mkia mrefu kama mpini wa mwiko, ambaye wengine humwita pasa. Hao hulala wamebanana kundi zima, matumbo kwa matumbo, wakining'inia tawini kama mzigo mmoja. Asubuhi ya baridi usiwatarajie kwenye ndizi yako mapema. Hukaa juu ya mti wakiwa wamelielekezea jua matumbo, miguu imepanuliwa, mpaka miili ipate moto. Jua likichelewa kutoka mawinguni, nao huchelewa. Chakula chao ni majani na matunda, ambacho hakiwapi nguvu haraka kama mbegu au wadudu, kwa hiyo kuota jua ni sehemu ya hesabu yao ya nishati. Wala nafaka ni tofauti: hao mara mwanga unapotosha kuona punje, wapo.

Neno mwanga hapo lina uzito wake. Januari 2004 watu wengi nchini Uingereza waliombwa waandike ni ndege gani hutangulia kufika kwenye vibanda vyao gizagiza la asubuhi. Ilionekana kwamba wenye macho makubwa kulingana na miili yao hutangulia. Hapa kwetu kurumbiza huanza kuimba wakati mimi bado natafuta kandambili kwa kupapasa, na ndiye wa kwanza kushuka kwenye beseni la maji. Asubuhi ya mawingu mazito basi inaweza kuchelewesha meza nzima bila baridi kuhusika hata kidogo. Ni giza tu.

Joto kali lina kanuni zake. Ndege hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na wengine, kama jamii ya njiwa, hutetemesha ngozi ya koo ili maji yavukize na kuondoka na joto. Kujipoza kwa namna hiyo ni kutumia maji, na kuruka huku na huku saa saba mchana kunaongeza joto ambalo itabidi liondolewe kwa maji zaidi. Ndiyo maana Januari na Februari meza hufa kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri. Ndege wapo ndani ya vivuli, wametulia, mabawa wameyaachanisha kidogo na mwili. Kwa mwenzangu aliyeko Dodoma au Voi ningesema hivi: wakati huo beseni la maji chini ya kivuli lina thamani kuliko kilo ya ulezi. Mla wadudu na mla matunda hupata maji ndani ya chakula chake. Mla nafaka kavu lazima anywe, na kiangazi kikikolea hana namna. Ukitaka kufurahia, tazama tetere anavyokunywa: anazamisha mdomo na kuvuta mfululizo kama anayetumia mrija, huku shomoro pembeni anachota kidogo, anainua kichwa, anameza, anachota tena.

Sasa mvua yenyewe, ile inayonyesha sasa hivi. Manyunyu hayamzuii ndege. Manyoya yake yamepangwa kama makuti ya paa, tena anayapaka mafuta kutoka tezi iliyo juu ya mkia, na matone huteleza. Siku za manyunyu ya muda mrefu nimewaona wakila mfululizo kuliko siku za jua, na si ajabu, kwani wadudu hawaruki na mwili unahitaji moto. Mvua kubwa ya ghafla ndiyo inayowaingiza ndani ya vichaka, maana manyoya yakilowa hadi ndani ile hewa iliyonaswa inatoka na blanketi linakuwa nguo mbichi. Ikikatika wote hutoka kwa pamoja, wana njaa, na kwa nusu saa meza huwa kama stendi ya mabasi siku ya mkesha wa sikukuu.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo limenichukua muda kulifungua. Kila anayesoma kuhusu ndege wa bustanini atakutana na maelezo kwamba ndege huihisi dhoruba kabla haijafika, kwa sababu mgandamizo wa hewa unaposhuka wao hutambua na kuwahi kula. Maelezo hayo yana msingi. Mwaka 1911 Giovanni Vitali wa Italia alieleza kiungo kidogo ndani ya sikio la kati la ndege, ambacho kinadhaniwa kuwa ndicho kipima mgandamizo. Na mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwaweka shomoro wa huko wenye utosi mweupe ndani ya chumba ambacho mgandamizo wake uliweza kupunguzwa. Ulipopunguzwa, ndege waliwahi kuanza kula.

Jirani yangu aliposikia hayo alifurahi, kwa sababu yeye mwenyewe ameona mara nyingi: saa kumi jioni mawingu meusi yanajikusanya upande wa mlima, na ungo wake unajaa. Nikanunua barometa ndogo, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa. Nilichokiona kilinishangaza kwanza, baadaye nikajifunza kwamba wataalamu wa hali ya hewa wanakijua tangu zamani. Karibu na ikweta mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama maji kupwa na kujaa: unafika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, unafika chini mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti yake ni kama hektopaskali 3 (hicho ndicho kipimo cha mgandamizo), na hutokea iwe mvua iwe jua. Huko Uingereza dhoruba ya baridi inaweza kuushusha mgandamizo kwa zaidi ya hektopaskali 20 ndani ya siku moja, na hiyo ni habari ambayo mwili wa ndege unaweza kuifanyia kazi. Hapa mvua zetu nyingi ni za radi, wingu linaota na kukua juu ya kichwa chako ndani ya saa chache, na barometa haisemi mengi zaidi ya ule mpigo wake wa kila siku.

Kwa nini basi ungo wa mzee hujaa kabla ya mvua? Kwa sababu saa kumi jioni ungejaa hata mvua isingekuja. Ndege wadogo hula sana mara mbili kwa siku, asubuhi kurudisha kilichoungua usiku, na alasiri kuelekea magharibi kuweka akiba ya usiku unaokuja. Na mvua za radi za bara hupenda kuja alasiri, baada ya ardhi kupata joto la mchana kutwa. Mambo mawili yanakutana saa ileile, nasi tunayaunganisha. Siwezi kusema ndege wetu hawahisi kitu: giza la wingu, ubaridi wa ule upepo unaotangulia mvua, ngurumo, vyote wanaviona na kuvisikia kama sisi, na nimeshuhudia wakiongeza kasi. Ila maelezo ya barometa yameletwa na upepo wa nchi nyingine, na yanahitaji kupimwa hapa kabla ya kuaminiwa.

Upepo nitaugusa kidogo. Agosti na Septemba, pepo za vumbi zikianza, meza yangu hupungukiwa na ndege hata kama chakula porini kimekwisha. Majani yote yanacheza, kila kitu kinapiga kelele, na ndege hawezi kumsikia wala kumwona kipanga akija kati ya vitu vinavyotikisika. Kula kwenye meza iliyo wazi ni kuhatarisha roho. Hata kunenepa kuna hatari yake, kwa kuwa mzito huchelewa kuruka: katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, Uingereza, ilionekana kwamba vipanga walipokuwa wametoweka kwa sababu ya sumu za mashambani, ndege wadogo walikuwa wazito zaidi, na vipanga waliporudi, uzito ukapungua. Mimi nimehamisha meza yangu, sasa iko hatua mbili kutoka kichaka cha miba, na siku za upepo ninapata wageni ambao zamani sikuwapata.

Turudi kwenye ile njia ya pili, ya polepole, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika nchi za mvua na kiangazi. Watu hudhani msimu wa njaa kwa ndege wala nafaka ni kiangazi, nyasi zikiwa kavu. Sivyo kabisa. Mwanzoni mwa kiangazi ardhi imejaa mbegu zilizodondoka, na ndege wanaokota. Akiba inapungua mwezi hadi mwezi. Kisha mvua inakuja, kumbikumbi wanatoka siku chache, sherehe inakwisha, na mbegu zilizobaki ardhini zinafanya kile mbegu hufanya zikipata maji: zinaota. Nchi nzima inakuwa kijani, sisi tunafurahia, na ndege mla nafaka hana punje ya kuokota mpaka nyasi mpya zikomae. Wakulima wetu wanaujua wakati huo, maana ni sawa na wao: ghala limekwisha, mahindi yako shambani hayajabeba.

Mwenye kuliishi hilo kuliko wote ni kwelea kwelea, adui wa mashamba ya mtama na mpunga. Mvua zinapoanza na mbegu kuota, kwelea wanalazimika kuondoka, na huruka kuyavuka mawingu ya mvua hadi sehemu ambako mvua ilitangulia kunyesha wiki kadhaa nyuma na nyasi zimekwisha kuzaa. Kwera na shomoro wa bustanini hawafiki mbali hivyo. Wao huja mezani kwako. Daftari langu linaonyesha jambo hilo kila mwaka: siku za kumbikumbi meza haina mtu, halafu kama wiki mbili baadaye, wakati mvua bado inanyesha na kila kitu kinang'aa kwa ukijani, ulezi unaisha kuliko wakati wowote. Anayeamini kwamba mvua inafukuza ndege ataacha kuweka chakula siku zilezile wanapokihitaji.

Uingereza nako wanayo yao ya namna hiyo. Miti ya beech, ambayo mbegu zake ni chakula cha ndege, inapozaa sana msituni, bustani zinakosa ndege majira yote ya baridi yanayofuata, hata kama ni baridi kali, na ikizaa kidogo bustani zinajaa. Kwa chozi, ndege mdogo anayenyonya nekta, yaani maji matamu ya maua, habari ni ya maua. Miaka ya 1970 watafiti wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walimchunguza chozi mwenye mabawa ya dhahabu karibu na Ziwa Naivasha, wakahesabu nishati anayotumia na anayopata. Ua lenye mikrolita moja ya nekta, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, linamtaka chozi afanye kazi kama saa nane kwa siku ili ashibe. Likiwa na mikrolita mbili, saa nne zinatosha. Ukiona chozi amepotea kwenye chupa yako ya maji ya sukari, tazama kwanza maua ya jirani. Na hiyo chupa, wakati wa joto, ibadilishe kila siku, maana sukari huchacha upesi.

Jambo la unyevu silipitii haraka, kwa sababu hapo wema wetu unaweza kuua. Nafaka iliyolowa mezani siku mbili tatu huota ukungu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Sumu hiyo yenyewe iligunduliwa kupitia ndege: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Aidha, tangu 2005 chiriku wa kijani wa Uingereza wamepungua vibaya kwa ugonjwa wa kimelea kinachoshambulia koo, ambacho huenea kwenye chakula na maji wanayoshirikiana. Kimelea hicho hufa kikikauka na huishi kwenye majimaji. Masika mimi naweka kidogo, kiasi cha kuisha kabla ya saa nne, meza ina matundu chini ya kutolea maji, na beseni nalisugua kwa brashi kila siku. Karanga au mahindi ambayo nisingempikia mwanangu siwapi ndege.

Katikati ya Januari mzee aliniita tena kwenye ua. Ungo wake ulikuwa umekaa siku tatu haujaguswa, na safari hii hapakuwa na mvua wala kumbikumbi. Tulitoka pamoja hadi kwenye kiwanja kitupu kando ya barabara, ambacho mwenyewe hajakijenga. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, vichwa vimekomaa, na vile vindege vidogo vya kichwa cheusi na kifua cheupe vilikuwa vimening'inia kwenye mabua, viwili viwili, bua linapinda mpaka linagusa chini. Mzee alisimama pale muda mrefu. Tuliporudi alikung'uta chenga zilizobaki kwa kuku wake, akautundika ungo ukutani, akajaza maji beseni.